Mkaguzi wa Boti Aliyegeuzwa Mkwe

Inver Grove Heights, Minnesota
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Irene, wamekuundia kamati ya harusi.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikilingoja lifike mwisho wa karatasi sitaliandika. Sasa nikusalimu kama mtu mwenye adabu. Bwana asifiwe, mwanangu. Hujambo huko kwenye maji? Mimi mzima. Goti la kushoto linasumbua ninapokanyaga breki, lakini naendesha mwenyewe mpaka kanisani Brooklyn Park kila Jumapili, barabara ile kubwa ya malori, wakati wanawake wa rika langu wanakaa dirishani wakingoja kubebwa. Kazini, pale makao ya wazee, wazee wangu hawajambo. Yule bibi wa chumba cha mwisho ambaye hula kwa kulazimishwa, siku nisipokuwa zamu jikoni hagusi kijiko. Mkubwa wangu Maureen aliniambia, "Ernestina, wewe ukistaafu tutafunga milango." Sijisifu, nakupa habari.

Sasa lile. Leo ilikuwa sikukuu ya mavuno. Baada ya ibada tuko ukumbini tunakula, Mama Brandon akaniuliza mbele ya watu, "Mama Irene, mbona binti haonekani? Ameolewa kimya kimya?" Unamjua huyo Valentina, swali lake moja lina mengine matatu nyuma yake. Nikatoa simu nikawaonyesha ile picha uliyotuma, umesimama karibu na boti iliyopandishwa nchi kavu, na yule mzungu mrefu mwenye nyundo. Valentina akaivuta kwa vidole mpaka uso wa yule mtu ukajaa kioo kizima.

"Na huyu?"

Nikacheka. Irene, sikutamka neno. Nilicheka tu.

"Anaficha mkwe," akasema. Mzee Chacha akapiga makofi, akinamama wa kwaya wakapiga vigelegele, na kabla sahani hazijaoshwa kamati ilikuwa na mwenyekiti, ambaye ni Valentina mwenyewe, na katibu, ambaye ni Ildephonse, kwa sababu ana mwandiko mzuri.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Ningesema huyo si mkwe, swali lililofuata lingekuwa: basi binti anafanya nini Ulaya? Na mimi sijawaambia kwamba umeacha kazi ya serikali. Nimewaambia uko Ulaya. Hilo ni kweli.

Niambie, huyo mwenye nyundo ni nani? Ana mke? Nauliza tu.

Mama yako,
Ernestina


Workum, Uholanzi
6 Novemba 2025

Shikamoo mama,

Barua yako imefika jana. Pole na goti. Vaa ile mikanda ya joto niliyokununulia, iko kwenye droo ya chini bafuni, bado ina plastiki yake, nakujua.

Mimi mzima. Bado naishi kwa Tjitske, yule mjane anayeuza nyuzi za kufuma. Duka liko chini, mimi juu, na ngazi yake imesimama wima kama ya kupandia mnazi. Mji ni mdogo. Mfereji unapita katikati yake, na boti ikija daraja linainuliwa, watu na baiskeli zao wanasimama wanangoja, hakuna anayepiga kelele. Kanisa lao lina mnara, lakini mnara umesimama peke yake, haukuungana na kanisa. Kila asubuhi nikifungua pazia nauona.

Mwenye nyundo anaitwa Wiebe. Ni mkaguzi. Ukitaka kununua boti ya chuma unamwita, boti inavutwa nje ya maji, naye anaigonga tumbo lote akisikiliza mahali bati lilipoliwa na kutu. Ana mke na wajukuu. Boti ile aliyokuwa akiigonga pichani tumeiacha, sehemu ya nyuma imebaki nyembamba. Naendelea kutafuta. Nataka ndogo, ya kulala watu wawili, yenye jiko na mahali pa kuweka vitabu.

Mama, nilikuomba tuandikiane barua kwa sababu ukipokea simu unaniweka kwenye spika, na wageni waliopo sebuleni wote wananisalimu, nami najikuta nazungumza kama mtu anayehojiwa redioni. Barua unaisoma peke yako. Kwa hiyo nisikilize ukiwa peke yako. Waambie mambo mawili: sina mchumba, na nimeacha kazi. Anza na lolote upendalo. Sikuulizi sababu ya kucheka. Nakuomba tu ukaseme.

Mwanao,
Irene


Inver Grove Heights
30 Novemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Amani iwe nawe. Theluji imeanguka, ya kwanza, ile ya kujaribu. Nimevaa ile mikanda. Alhamisi Wamarekani walipokula bata mzinga wao wa Shukrani niliwapikia wazee kazini, nikamtia tangawizi na kitunguu saumu, bila kumwambia mtu. Mzee mmoja aliyekuwa askari akasema hajala bata kama huyo tangu vita. Vita gani sikumuuliza.

Nimepata mgeni, Gentille, binti wa Kigali aliyekuja kusoma. Kanisa liliniomba nimtembeze. Nikampeleka St. Paul, nikampitisha mbele ya lile jengo la kazi yako, nikapunguza mwendo kama kawaida, nikamwonyesha dirisha lako. Mazoea, mwanangu. Gari lenyewe linajua kupunguza pale.

Hii habari ya boti inanisumbua. Chuma ndani ya maji si kinazama? Na ukiugua usiku nani atakusikia? Mtu aliyesoma mpaka digrii ya pili, aliyekuwa na ofisi yenye mlango, analala juu ya duka la nyuzi akisubiri kununua boti ya watu wawili, na yeye ni mmoja. Huyo wa pili ni nani? Unaona, hata mimi nauliza maswali ya Valentina.

Kuhusu lile jambo, nimeshaongea na Mama Brandon. Usiwe na wasiwasi.

Kula vizuri. Huyo Tjitske anakupa nini asubuhi? Mkate na jibini tu? Mwambie mama yako anasema uji.

Mama


Workum
11 Januari 2026

Shikamoo mama,

Heri ya mwaka mpya. Mfereji umeganda, watoto wanateleza juu yake kwa viatu vya visu, na babu mmoja amewatangulia akiwa amefunga mikono mgongoni kama mwalimu mkuu. Nimefikiria jinsi ungewapigia kelele watoke.

Ahsante mama. Nilipofika pale ulipoandika umeshaongea na Mama Brandon, nilikaa kwenye ngazi ya Tjitske nikalia kidogo. Akaja na kikombe cha kahawa akadhani kuna msiba. Nikamwambia hapana, mama yangu amefanya jambo gumu. Nilijua linakugharimu nini.

Kwa kuwa wewe umeweza, na mimi nitakuambia nilichokuwa sikisemi. Hukuwahi kuniuliza kwa nini niliacha kazi. Uliuliza tu nitarudi lini.

Unakumbuka kipaimara cha yule binti wa Susan, mwaka jana? Ulimleta meza yetu mgeni kutoka Dar, ukasema, "Irene, simama wakuone." Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi. Nikasimama. Nimesimama hivyo tangu tulipofika Marekani, mama, kwenye kila sherehe, na nilipokuwa msichana nilifurahi. Siku ile nilikuwa na miaka thelathini na minane, nikasimama na sahani yangu, wote wakanitazama, nikaona kwamba sijui wanatazama nini. Jengo labda. Dirisha. Jumatatu yake niliandika barua ya kuacha kazi. Hakuna aliyenitesa, hakuna aliyenifukuza. Nilitaka tu nyumba ambayo hakuna mtu anayeweza kuipita kwa gari na kupunguza mwendo.

Nimeipata, nadhani. Iko ndani ya banda la mkulima, nje ya mji. Rangi imebabuka na panya wamekula magodoro, lakini Wiebe ameigonga kuanzia mbele hadi nyuma na kila alipogonga ililia vizuri. Vitanda viwili, kimoja kila upande. Umeuliza wa pili ni nani. Wa pili ni wewe. Masika yakifika njoo, tulale pamoja usiku wake wa kwanza majini. Nikuone unavyoogopa.

Mwanao,
Irene


Workum
20 Februari 2026

Mama,

Leo nimepokea ujumbe wa Mama Brandon kwenye simu. Namnukuu: "Bi harusi wetu, tunaomba vipimo vya gauni. Sare tumeshapata, mama yako ndiye aliyechagua kitenge, ana jicho huyo. Mwambie bwana harusi Mzee Chacha anauliza kama anakula mbuzi."

Nimeusoma mara nyingi nikitafuta namna ya kukutetea.

Sijamjibu, kwa sababu si mimi niliyecheka. Usije masika. Na usiniandikie mpaka utakapokuwa umewaambia.

Irene


Inver Grove Heights
8 Machi 2026

Irene, mwanangu,

Umenikataza kuandika na mimi naandika. Hata salamu naogopa kuziweka, lakini hujambo? Huku kila mtu anakohoa.

Ni kweli niliongea na Mama Brandon. Niliongea naye kuhusu theluji.

Lakini usidhani sikujaribu. Wiki ile ile ya barua yako ya kwanza nilivaa nikaenda kwenye kikao chao, nyumbani kwa Valentina. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi kwa sauti, ndani ya gari: Ndugu zangu, naomba mnisikilize. Nilifika nimeyakariri. Nikafungua mlango, na watu wote wakasimama. Irene, walisimama kwa ajili yangu. Kiti changu walikiweka mbele na wamekitandika kitambaa. Ildephonse akasema, "Mama wa bi harusi ameingia," wakapiga makofi. Tangu baba yako atutoke, mimi kwenye vikao naitwa kupika. Nakaa karibu na mlango wa jikoni, nikisikia sufuria inachemka naondoka katikati ya maombi. Siku hiyo mtu mwingine alipika. Nikaletewa soda kwenye glasi.

Nikakaa. Nikajiambia, kikao kijacho. Kikao kijacho wakaleta vitambaa, wakaniuliza mimi kwanza. Nilichagua cha kijani chenye ndege wadogo. Kizuri sana.

Kwa hiyo unavyosema kuhusu kusimama na sahani ya pilau, nimeelewa, na sijaelewa. Wewe ulichoka kusimama ukitazamwa. Mimi niliona ni zamu yangu.

Jumapili ijayo nitawaambia.

Mama


Inver Grove Heights
12 Aprili 2026

Irene,

Pasaka imepita, Jumapili kadhaa zimepita, na kwako kimya. Posta nimezoeana na yule baba anayeleta barua, siku hizi ananionea huruma akiwa bado ndani ya gari, anatikisa kichwa kabla sijafungua mlango.

Tazama ndani ya bahasha. Usitupe.

Pale kazini, mlango wa mbele mapokezi, kuna mti kwenye chungu. Nimeupita tangu nianze kazi nikiharakia jikoni. Wiki iliyopita nilikaa pale kupumzisha goti, nikainua macho, nikauona. Ni isale. Isale lile lile la Machame, la kwenye mipaka ya kihamba, lile shamba la migomba la babu yako. Wao wanalimwagilia maji na kulifuta vumbi, hawajui wamemweka nani pale mlangoni. Nilipomuomba Maureen jani moja, alisema, "Chukua mti mzima, Ernestina, unaziba njia."

Nimelipiga fundo kama bibi yako alivyonifundisha. Unajua maana yake. Aliyekosa akija na isale, hata awe amekosa nini, hafukuzwi. Bibi aliwahi kupokea isale kwa mtu ambaye sisi watoto tulidhani hatakanyaga uani kwake maisha yote, na jioni ile ile wakala pamoja.

Sina zaidi. Sijisifu kwa lolote leo.

Mama yako


Workum
27 Aprili 2026

Shikamoo mama,

Jani limefika. Limekauka na kuwa la rangi ya chai, lakini fundo halikufunguka. Tjitske aliuliza ni dawa ya nini.

Nimelipokea. Ulijua nitalipokea, kwa sababu aliyenifundisha maana yake ni wewe. Kwa hiyo nimekusamehe, na sitarudi nyuma kwenye hilo. Acha kuogopa sanduku la posta.

Lakini mama, karatasi yako niliigeuza mbele na nyuma nikitafuta sentensi inayosema umewaambia. Haimo. Wale watu bado wanajua kuna harusi. Wengine wameshashona. Huyo aliyemletea bibi isale alikuja baada ya kuwa amekiri mbele ya ukoo, hadithi hiyo uliisimulia nzima nikiwa mdogo. Wewe umeanza na jani. Umeuchukua msamaha wangu na kosa umelibakiza nyumbani kwako.

Boti nimenunua. Nimeikwangua yote na sasa naipaka rangi, kucha zangu ungezionea aibu. Itateremshwa majini Jumamosi, tarehe 13 Juni. Wiebe atakuja na mke wake, na Tjitske ameshona mapazia.

Usiku wa kwanza nitalala peke yangu. Siandiki hivyo kwa hasira. Nimejaribu kuwaza uko kwenye kile kitanda cha pili, na kila nikiwaza nakuona umeshika simu, unawaonyesha. Kile kitanda kilikuwa chako, mama. Ninasikitika kuliko unavyofikiri.

Goti linaendeleaje?

Irene


Inver Grove Heights
Jumapili ya Pentekoste, 24 Mei 2026

Nimewaambia, Irene. Leo, wote, ukumbini, nikiwa nimesimama.

Salamu nyingi kwako, na kwa Tjitske, na kwa Wiebe na mkewe, ambao nimewakosea bila wao kujua. Goti ni lile lile. Huku miti imefunguka yote kwa mpigo, mto umejaa mpaka kwenye njia ya watu wanaotembea na mbwa.

Barua yako nilikaa nayo. Ungenikatalia jani ningelia, ningemwambia Valentina una moyo mgumu, na yangeishia hapo. Ulipolipokea sikupata pa kukimbilia. Nililala na msamaha wako kama mtu aliyelala na koti la mwenzake.

Basi leo, baada ya ibada, kamati ikaitwa mbele itoe taarifa. Wameketi na vitenge vyao vya kijani, wamependeza. Ildephonse akasoma. Alipomaliza akasema, "Sasa mama wa bi harusi ana neno." Nilikuwa nimemwomba nafasi. Nikasimama nikasema, "Hakuna harusi. Hajawahi kuwepo mchumba. Yule mtu wa kwenye picha ni fundi wa kugonga boti, na ana wajukuu. Na Irene ameacha kazi ya serikali tangu mwaka jana, kwa hiari yake, yuko Uholanzi, amenunua boti ya kukaa."

Watu wakatazama vitenge vyao.

Mzee Chacha ndiye aliyeanza. "Na sisi tuliomwombea ndoa kila Jumatano?"

"Naomba radhi, mzee."

"Basi maombi hayajapotea," akasema. "Mungu atampa mwingine aliyekuwa hajaomba."

Wachache wakacheka. Valentina hakucheka. Aliuliza, "Mama Irene, wewe ulisema mchumba, au mimi ndiye niliyesema?"

"Wewe ulisema. Mimi nilicheka."

"Ukaja kikaoni. Ukachagua kitambaa."

"Nilichagua."

"Ungetuambia mtoto ameacha kazi tungekusengenya wiki moja, tukaja na uji. Ulidhani tunampenda Irene kwa sababu ya dirisha? Mimi hilo dirisha umenionyesha mara ngapi, na sijawahi kujua ni lipi."

Kweli, Irene, hata mimi kwa chini pale barabarani sina hakika ni lipi. Nilichagua moja nikalizoea.

Ildephonse akainua kalamu akauliza aandikeje. Nikamwambia, "Andika: kamati imevunjwa kwa sababu mama wa bi harusi alicheka." Akaandika hivyo hivyo, mwandiko wake mzuri.

Wakatoka. Wengine wamenishika mkono, wengine wamepita upande wa pili wa meza. Valentina ameondoka na gari lake bila kuniaga, na mimi nilikaa kwenye langu mpaka sehemu yote ya kuegesha ikabaki tupu. Sikulia. Niliwaza kile kitanda cha upande wa pili. Ningeogopa sana majini, ungenicheka, ningekuambia chuma hakilali juu ya maji kwa akili ya kawaida, na ungenieleza taratibu kama unavyofanya. Hilo nimelipoteza kwa soda ya kwenye glasi. Siombi unirudishie. Isale haliombwi mara mbili.

Lakini siwezi kukaa na watu niliowadanganya nikijifungia ndani. Kwetu aliyewakosea wengi anawapikia, na anawahudumia kwa mkono wake mwenyewe. Nimewaalika wote kwangu. Nitapika machalari ya ndizi na nyama, na mtori uliopondwa laini kwa ajili ya Mzee Chacha ambaye meno yamebaki kwa heshima tu. Nimewaambia waje na sare zao, kitambaa hakina kosa. Nitawaambia tena taratibu, kwa wale ambao leo hawakuwepo, ili mtu asije akaipata habari imepinda. Kisha wakiuliza, kama watauliza, nitasema wewe ni mwanamke aliyekwangua boti ya chuma kwa mikono yake mpaka kucha zikaisha. Hapo nitajisifu kidogo, Irene. Nivumilie. Picha sitawaonyesha, na simu nitaizima, kwa hiyo usipige. Jengo nalo nimeanza kulipita kwa mwendo wa magari mengine. Juzi aliyekuwa nyuma yangu hakupiga honi.

Valentina hajasema kama atakuja. Nimemwekea nafasi.

Wewe nimewaambia wasikutegemee, una shughuli yako siku hiyo. Ulale salama kwenye nyumba yako. Kile kitanda cha pili, weka vitabu.

Wageni wangu ni Jumamosi, tarehe 13 Juni, siku ile ile ya boti yako, saa nane mchana. Wote.

Mama yako,
Ernestina